Mvua ikinyesha, kiwanja si kile cha jana

Septemba 5, 1936, ndege ndogo yenye herufi za usajili za Kenya, VP-KCC, iliteremka kwenye ufuko wa mashariki wa kisiwa cha Cape Breton nchini Kanada, injini ikiwa imezimika kwa kukosa mafuta. Aliyekuwa akiirusha ni Beryl Markham, mwanamke aliyekulia Njoro na kujifunza urubani Kenya. Alikuwa amepaa Abingdon, Uingereza, jioni ya siku iliyotangulia, akakaa hewani saa ishirini na kitu peke yake, sehemu kubwa ikiwa ni usiku juu ya bahari. Chini yake sasa aliona ardhi ya kijani iliyolala tambarare. Kumbe ilikuwa kinamasi. Magurudumu yaligusa, yakazama, ndege ikasogea mita chache tu, kisha pua ikajichimbia topeni na mkia ukabaki umeelekea mawinguni. Markham alitoka akiwa ameumia kichwani. Vitabu vikamwandika kuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, ingawa New York aliyoikusudia hakuifikia kwa ndege ile.

Picha ya ndege hiyo iliyozamisha pua ilizunguka dunia, na fundi yeyote wa ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi, au pale Arusha akiitazama leo hahitaji maelezo. Kilichotokea Cape Breton ndicho kinachotokea kwenye viwanja vyetu vya nyasi mvua za masika zinapokolea, tofauti ikiwa kwamba rubani wa hapa hajapotea wala hajaishiwa mafuta. Anatua mahali palipochorwa kwenye ramani, alipotua wiki iliyopita bila shida, akiwa na abiria nyuma yake, na gurudumu la mbele linazama.

Ajali za namna hii mara nyingi hazifiki ukurasa wa kwanza. Kwa kawaida hakuna anayekufa. Watu hutoka wakitetemeka, wanakijiji hukusanyika, ndege hubaki imeinama hapo siku kadhaa hadi mafundi waje na vifaa vyao. Ripoti ikiandikwa, kisa chote huishia katika maneno machache: ndege iliacha njia, au gurudumu la mbele lilivunjika. Kinachonisikitisha ni kwamba baada ya maneno hayo machache tunamgeukia rubani, tunamhoji yeye tu, na ardhi yenyewe haihojiwi.

Tuihoji basi.

Katika miaka hiyohiyo ya 1930, mtaalamu wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani ya udongo wa Afrika Mashariki. Alikuta kwamba udongo wa eneo hilo hubadilika kwa mpangilio unaojirudia kila unaposhuka mteremko: juu kilimani ni mwekundu na hupitisha maji upesi, katikati huchanganyika na mchanga au changarawe, na chini kabisa bondeni ni mweusi wa mfinyanzi. Mwaka 1935 akaupa mpangilio huo jina la katena, na wanafunzi wa sayansi ya udongo duniani kote wanalisoma mpaka leo.

Sasa mtume mtu akatafute mahali pa kiwanja cha ndege katika nchi ya namna hiyo. Kilimani kuna mawe na miti, na pameinama. Katikati kuna makorongo. Atashuka, atashuka, mpaka afike chini, kwenye mbuga nyeusi, na pale atafurahi: pamenyooka, hapana jiwe, hapana mti wa maana isipokuwa migunga mifupi, na urefu ni wowote autakao. Vibarua wachache wenye mafyekeo wanaweza kumsafishia njia ya mita 800 kwa siku chache. Kiangazi udongo ule ni mgumu kama saruji, na ndege hutua pale vizuri kuliko kwenye barabara nyingi.

Lakini mbuga ile haina miti kwa sababu. Udongo mweusi wa mfinyanzi hunywa maji na kuvimba, kisha hukauka na kupasuka nyufa zinazomeza mkono mzima, na mizizi ya miti mingi haivumilii mvutano huo wala maji yanayotuama kwa wiki. Ukilowa sawasawa nyufa hufunga, na mvua inayofuata haina pa kwenda. Wakulima wa Mwea na wa uwanda wa Kano wanaujua, wafugaji wa Kapiti wanaujua, na mtu wa Shinyanga aliyewahi kusukuma baiskeli mbugani mwezi wa Machi hahitaji kusimuliwa. Sifa zilezile zilizomvutia mtafuta kiwanja ndizo zinazokigeuza kiwanja kuwa mtego. Huu ndio uamuzi wa kwanza katika ajali nyingi za namna hii, na hufanywa miaka mingi kabla, na mtu ambaye huenda hakuwahi kupanda ndege.

Tazama sasa kinachotokea kwenye gurudumu. Wahandisi hupima ukinzani wa ardhi kwa kulinganisha nguvu inayohitajika kuiburuta ndege na uzito wa ndege yenyewe. Juu ya lami, ukinzani huo ni kiasi cha asilimia 2 ya uzito. Kwenye nyasi fupi na ardhi ngumu hufika 5. Nyasi ndefu, 10. Kwenye ardhi laini huanzia 10 na huweza kufika 30. Ndege iliyotua juu ya ardhi kavu, kisha ikaingia ghafla kwenye kipande kilicholowa, ni kama mtu anayekimbia kwa kasi halafu akashikwa vifundo vya miguu.

Ndege nyingi ndogo tunazoziona, kama Cessna 172 na 206, zina magurudumu matatu: mawili makuu chini ya mwili na moja dogo mbele. Kitovu cha uzito kiko mbele kidogo ya yale mawili. Yanaposhikwa na tope, uzito wote unasukumwa mbele na kulielemea lile la tatu, ambalo ndilo dogo na nyonge kuliko yote. Tairi lake kwenye 172 lina kipenyo cha sentimita 35 hivi. Nguzo yake ni nyembamba, na imefungwa kwenye fremu iliyo karibu na ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria. Likizama, panga la mbele hugonga chini. Gurudumu likivunjika, pua hulima ardhi. Kasi ikiwa bado kubwa, ndege hujipindua na kulala chali.

Zipo pia ndege za mtindo wa zamani zenye gurudumu dogo mkiani, kama Super Cub na Husky zinazotumiwa kufuatilia wanyamapori katika hifadhi za Kenya na Tanzania. Hizo hazina gurudumu la mbele la kuvunjika, panga lao liko juu zaidi, na zinaweza kufungwa matairi makubwa laini. Marubani wa porini huzipenda kwa sababu hizo. Ila kitovu chao cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makuu, na magurudumu hayo yakinaswa ghafla, hakuna chochote mbele cha kuizuia ndege isipige kichwa chini.

Panga kugonga udongo, hata taratibu, si jambo dogo. Pigo lile hupita moja kwa moja hadi kwenye kranki ya injini, na watengenezaji wa injini huelekeza kwamba injini iliyopatwa na pigo la namna hiyo ifunguliwe na kukaguliwa ndani. Kwa mwenye ndege moja au mbili, anayeishi kwa kusafirisha dawa, watumishi wa afya na mizigo, gharama hiyo inaweza kuwa mwisho wa kazi. Kijiji nacho hupoteza ndege iliyokuwa ikija kila Jumanne.

Marubani hufundishwa namna ya kutua kwenye ardhi laini. Flapi za nyuma ya mabawa hushushwa zote ili ndege ije polepole kadiri iwezekanavyo. Injini haizimwi kabisa. Huachiwa nguvu kidogo ili ndege iguse kwa upole. Magurudumu makuu yakishagusa, usukani unaendelea kuvutwa nyuma ili gurudumu la mbele likae hewani mpaka mabawa yachoke kulibeba. Breki haziguswi. Na ndege haisimamishwi katikati ya kiwanja. Inaendelea kutembea mpaka ifike mahali pagumu, kwa sababu ikisimama topeni huenda isiondoke.

Kwenye kiwanja kifupi mafundisho ni kinyume. Gusa mwanzoni kabisa, shusha pua, kanyaga breki kwa nguvu. Je, kiwanja kikiwa kifupi na pia laini? Hapo hakuna mbinu inayotosha, kwa kuwa kila mbinu inaivunja nyingine. Viwanja vyetu vingi vya vijijini viko hivyo hasa. Rubani aliyekanyaga breki kwa kuona miti ya mwisho inamkaribia analizamisha gurudumu la mbele, na aliyejizuia kukanyaga anaiingia ile miti. Nikisoma kwamba rubani "alishindwa kuimudu ndege", hujiuliza kiwanja kilimwachia nafasi gani ya kuimudu.

Tope lina tabia nyingine inayowadanganya watu. Wapo wanaofikiri kwamba ardhi iliyolowa angalau hufupisha mwendo wa ndege. Wakati mwingine hufanya hivyo. Lakini nyasi fupi zilizolowa juu ya udongo ulio mgumu chini hufanya kinyume: tairi linateleza, breki zinashika gurudumu lakini gurudumu halishiki ardhi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza, nchi yenye viwanja vingi vya nyasi, kwa miaka mingi imewapa marubani vipimo vya jumla vya kuongeza kwenye hesabu zao. Nyasi kavu: ongeza asilimia 15 kwenye umbali wa kutua. Nyasi zilizolowa: asilimia 35. Nyasi fupi sana zilizolowa: huenda ikafika asilimia 60. Ardhi laini: 25 au zaidi. Kila futi 1,000 za mwinuko kutoka usawa wa bahari: 5. Baada ya yote, zidisha kwa 1.43 ili kubaki na akiba ya usalama.

Fanya hesabu hiyo kwa kiwanja cha nyanda za Mara au Serengeti, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Kitabu cha Cessna 172 ya kisasa kinasema kwamba, kwenye lami kavu usawa wa bahari, pasipo upepo, ndege iliyojaa inahitaji mita zipatazo 407 tangu ikiwa juu mita 15 hadi isimame. Ziongezee asilimia 35 za nyasi zilizolowa: 549. Ongeza mwinuko: kama 700. Zidisha kwa akiba ya usalama: kilomita nzima. Joto la mchana bado halijahesabiwa, na hapa namzungumzia rubani asiyekosea hata kidogo, anayegusa pale hasa alipokusudia. Kiwanja kilichotosha Februari hakitoshi Aprili, hata kama hakuna aliyekipunguza hata hatua moja.

Mwinuko nao hufanya kazi yake bila kuonekana. Kipimo cha kasi mbele ya rubani husoma msukumo wa hewa, na hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Kwenye mita 1,500 ndege inayoonyesha kasi ileile ya Dar es Salaam inapita juu ya ardhi kwa kasi iliyozidi karibu asilimia 8. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo breki, nyasi na tope vina asilimia 17 hivi zaidi ya kumeza. Rubani aliyefundishwa pwani na kuhamishiwa nyanda za juu anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akashangaa mwisho wa kiwanja unavyomjia.

Kuruka ni shida kubwa zaidi, na ajali nyingine hupata jina la kutua ilhali mbegu yake ni safari ya kurudi: rubani anajua kwamba akikaa mvua itakolea, hivyo anaharakisha, anageuza ndege kwenye kipande laini, ananasa. Au anafaulu kukimbia lakini kasi haifiki. Januari 24, 1954, kwenye kiwanja kibovu cha Butiaba, ufukoni mwa Ziwa Albert huko Uganda, ndege aina ya Rapide ilijaribu kuruka ikiwa na mwandishi Ernest Hemingway na mkewe Mary. Siku moja kabla walikuwa wamenusurika ajali nyingine karibu na maporomoko ya Murchison, ndege yao ndogo ilipogonga waya wa simu. Butiaba, Rapide ilianguka na kuwaka moto. Mary alitolewa dirishani. Hemingway alikuta mlango umekwama, akaufumua kwa kichwa na bega. Mwaka huohuo alishinda Tuzo ya Nobel, lakini hakwenda Stockholm kuipokea. Majeraha yalikuwa hayajamwacha.

Mlango uliokwama Butiaba unanipeleka kwenye jambo ambalo abiria wa ndege ndogo anapaswa kulijua kabla ya kufunga mkanda. Cessna 206 ni punda wa safari nyingi za vijijini: hubeba watu sita, au mgonjwa kwenye machela, au magunia. Rubani ana mlango wake mbele kushoto. Abiria wa nyuma hutegemea mlango wa mizigo wenye mbao mbili, upande wa kulia nyuma. Flapi zikiwa zimeshushwa, kama mafundisho ya ardhi laini yanavyotaka, flapi ya upande huo inaziba njia ya ubao wa mbele wa mlango huo, nao haufunguki. Ubao wa nyuma unaweza kufunguliwa, lakini kwa hatua ambazo mtu asiyezijua hatazigundua akiwa kichwa chini gizani. Agosti 2018 ndege ya aina hiyo yenye vyelezo ilipinduka kwenye ziwa Little Doctor, kaskazini mwa Kanada, na abiria watatu wakafa maji ndani yake. Wachunguzi wa Kanada wamelisema jambo la mlango huo zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ukipanda 206, mwombe rubani akuonyeshe namna ya kuufungua mlango wa nyuma flapi zikiwa chini. Rubani mzuri hatakasirika. Aliye bora zaidi ataonyesha kabla hujauliza.

Kuna mambo mengine machache. Mkanda wa bega hupunguza majeraha ya kichwa, na ni majeraha ya kichwa yanayomzuia mtu kujitoa. Mzigo usiofungwa, dumu la mafuta ya kupikia au kreti ya soda, huruka mbele ndege inaposimama ghafla na kumpiga aliyekaa mbele. Ndege ikilala chali, watu hubaki wananing'inia kwenye mikanda, na wengi huumia shingo baada ya ajali yenyewe, kwa kufyatua mkanda kabla ya kujishikilia. Weka kwanza mkono mmoja darini, ambako sasa ni chini, ujisukume, ndipo ufungue. Kisha ondoka upesi na uende mbali. Matangi ya ndege hizi yamo ndani ya mabawa, na ndege iliyopinduka huvuja.

Rubani hana budi kuisoma ardhi akiwa bado juu. Kwa desturi hupita chini mara moja bila kutua, kuwafukuza punda milia na mbuzi na kutazama uso wa kiwanja. Anatafuta maji yanayong'aa, michirizi mipya ya magari, nyayo. Nyayo za tembo zilizokanyaga tope jana hukauka na kuwa mashimo magumu kwa miezi. Mashimo ya muhanga na ya ngiri hujificha chini ya nyasi ndefu. Kipande kilichozidi majirani zake kwa ukijani ni cha kuogopwa, kwa maana chini yake kuna maji. Lakini jicho lina kikomo, na la rubani aliye mita 30 juu, kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa, lina kikomo zaidi. Nyasi zilizofunika udongo mkavu na nyasi zilizofunika ujiuji zina rangi moja. Ulaini wa ardhi hauonekani. Hujulikana kwa kukanyagwa.

Ndiyo maana nasema kinga ya kwanza iko kwa mtu aliyesimama chini. Mwaka 1957 madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walipoanzisha huduma iliyokuja kuitwa AMREF, iliyowafikisha madaktari vijijini kwa ndege, kazi yao isingewezekana bila sauti kutoka chini. Miaka ya 1960 redio za masafa marefu ziliunganisha zahanati za mbali na Nairobi, na kabla ya ndege kupaa, mtu wa zahanati alisema mvua imenyesha kiasi gani na kiwanja kikoje. Daktari Anne Spoerry, aliyejifunza urubani akiwa na miaka zaidi ya 40 na kuhudumia wagonjwa kwa ndege yake kutoka Turkana hadi visiwa vya Lamu kwa miaka zaidi ya 30, alitegemea maneno ya watu kama hao kila wiki.

Leo kila mtu ana simu, na picha ya kiwanja hufika Nairobi au Dodoma kwa sekunde. Sijashawishika kwamba tumepata taarifa bora. Picha huonyesha nyasi, haionyeshi kinachozama. Zaidi ya hapo, fikiria ni nani anayepiga simu hiyo. Ni muuguzi mwenye mama mjamzito anayevuja damu. Ni kaka aliyebeba mdogo wake aliyeumwa na nyoka. Mtu huyo akiulizwa kama kiwanja kimekauka, atajibu nini? Atasema kimekauka, na sidhani kama mimi ningejibu vingine. Kumpa mtu huyo peke yake mzigo wa kuipima ardhi ni kumwonea, na ni kuwaweka hatarini watu wanaokuja kumsaidia.

Anayepima awe mtu mwingine, na asiombwe maoni. Aombwe vipimo. Jana na leo mvua imejaza kipimo milimita ngapi? Umetembea kiwanja chote kutoka mwanzo hadi mwisho, au umesimama langoni? Ukikanyaga kwa kisigino, kisigino kinaacha alama ya kina gani? Gari likipita, tairi limezama vidole vingapi, na wapi? Marubani wa Uingereza wanaotumia viwanja vya mashambani wana kipimo chepesi: gari la kawaida liendeshwe juu ya njia kwa kasi ya karibu kilomita 50 kwa saa, na waliomo wasione taabu. Hicho hupima mashimo na matuta. Kisigino hupima ulaini. Vyote viwili vinahitajika. Majibu haya yakifika, rubani anaweza kuchagua kutua upande ulio mgumu, au kupunguza mafuta na mizigo, au kwenda kwenye kiwanja cha moramu kilicho kilomita 40 kutoka hapo na kumfuata mgonjwa kwa gari. Mara nyingine jibu sahihi ni "usije leo", na mwenye kulisema aheshimiwe kama aliyeokoa watu.

Watu wakikosa kiwanja kinachobeba, hujitafutia. Huko Walikale, Kivu Kaskazini, msitu wa mvua uliwafundisha marubani wa Kongo kuacha nyasi kabisa: kwa miaka mingi, ndege za Antonov na Let zilizokuwa zikibeba madini ya kasiteriti ya mgodi wa Bisie zilitua Kilambo, kwenye kipande cha barabara ya lami, magari yakisimamishwa zipite. Ilikuwa hatari ya aina yake, kwa watembea kwa miguu na kwa waliokuwa ndani. Lakini uchaguzi ule una mantiki ambayo wapangaji wetu hawana: waliangalia kwanza kitakachobeba gurudumu.

Kiwanja cha nyasi kinaweza kuwa kizuri sana. Nyasi hushika udongo, hazitimui mawe yanayokata panga, na matengenezo yake yako ndani ya uwezo wa kijiji. Kinachotakiwa ni maji yasikae. Katikati ya njia pawe na mgongo mdogo ili mvua ishuke pembeni, na pembeni pawe na mitaro inayopeleka maji mbali, mitaro iliyo safi, isiyozibwa na matope ya mwaka jana. Vipande vyeusi vichimbwe na kujazwa moramu kutoka kilimani, ule udongo wa juu wa Milne, ambao mara nyingi hauko mbali. Maganda ya magurudumu, yale ya kuvutia macho yanayofunika matairi ya ndege nyingine, yaondolewe kwa kazi za porini, maana hujaa tope mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Na awepo mtu anayelipwa. Asiwe mlinzi wa lango tu; awe mtunzaji, mwenye mamlaka ya kuweka alama ya msalaba mweupe kwenye kiwanja kilicholowa ili kisitumike.

Hapa ndipo ninapowalaumu waliokabidhiwa fedha zetu. Jengo la abiria huzinduliwa, utepe ukakatwa, bamba la majina likabandikwa ukutani. Mtaro hauzinduliwi na mtu. Kwa hiyo hujengwa banda lenye paa jekundu kando ya njia inayogeuka kinamasi kila Aprili, na mwaka unaofuata hujengwa uzio. Kipimo cha mvua cha plastiki, majembe, toroli, mafyekeo, mshahara wa mtunzaji kwa miezi ya mvua na simu yenye salio, vyote kwa pamoja havifikii gharama ya kuifungua injini moja iliyogonga panga chini.

Mwaka wa fedha wa Kenya, Tanzania na Uganda huanza Julai, masika yakiwa yameisha na viwanja vikiwa vimekauka. Michirizi ya matairi bado iko wazi wakati huo, imeganda pale pale gurudumu lilipozama, na madimbwi yameacha duara za nyufa. Mhandisi wa halmashauri au wa kaunti anayetaka kujua mtaro uanzie wapi na moramu imwagwe wapi, ardhi yenyewe imeshamchorea. Aende akaione kabla greda halijasawazisha.